Hapa Hakuna Njaa

Jumapili, 9 Februari

Dada Brashi,

Mimi mzima, pikapu nzima, barabara ndiyo inaumwa.

Siku unahamia kwa mwanao ulisema simu hutaki, maana kwenye simu tunaulizana hali mara tatu halafu tunaishiwa. Ukasema nikuandikie barabara. Miaka kumi na tisa nimekupeleka kila asubuhi hadi karakana yako ya mabango kabla ya kwenda kiwandani, na miaka yote hiyo wewe ndiye ulikuwa unaona, mimi nashika usukani. "Spana, mwone yule." Sasa unataka nione mwenyewe, tena niandike. Haya, nimechoka lakini naandika.

Jumatatu: gari la kubebea maiti, jeusi, limeoshwa likang'aa, nyuma limebandikwa kibao cha mwanafunzi wa udereva. Lilizimika mara mbili pale mlimani. Nilijiuliza kama kuna mteja ndani, na kama yupo, ana haraka gani.

Jumanne: yule bwana wa mswaki bado yupo. Taa ikiwa nyekundu anasugua, ikigeuka kijani anatema dirishani anaondoka. Siku taa zikiharibika atafika kazini na povu mdomoni.

Jumatano: godoro juu ya gari dogo, kamba hakuna. Dereva kalishika kwa mkono wa kulia, mkewe kalishika kwa wa kushoto, na hawasemeshani. Ukiwatazama unajua kabisa ugomvi wenyewe ulianzia kwenye hilo godoro.

Sasa sikiliza ya Alhamisi, hii inakuhusu. Ule uchochoro wa wauza mbao, kile kibao chekundu cha kuzuia magari, kimeandikwa HAPA HAKUNA NJAA. Nimekipita mara mbili kuhakikisha. Na ukuta wa soko wameandika USIKOHOE HAPA. Nilicheka mpaka getini. Huyo fundi aliyenunua brashi zako ameanza kuchanganyikiwa, au labda ndiyo siasa zenyewe.

Kazini ni yaleyale. Vyerehani arobaini na mbili, kila kimoja kinalia kwa sauti yake, na mimi nazunguka na bisibisi. Sindano za siku hizi wanazitengeneza vibaya, matundu yamekuwa madogo. Nikirudi nyumbani nalala na viatu. Tangu wifi yako atutoke hakuna wa kunigombeza, na wewe ndiyo hivyo umeondoka.

Kiti chako nimewekea mfuko wa vipuri. Hauongei.

Mdogo wako,
Spana

*

Ijumaa, 14 Februari

Spana,

Barua yako imenichekesha, halafu imeniudhi, nitakueleza kwa nini.

Kibao cha uchochoroni nilikipaka mimi, kwa rangi ya mafuta, nikairudia mikono mitatu, juu ya bati. Niliandika HAPA HAKUNA NJIA. Kibao kile hakiharibiki leo wala kesho. Kama yule bwana amepanda ngazi kwenda kukifuta na kuandika upuuzi, basi amenitukana hadharani, na brashi nilimwachia kwa bei ya kutupa. Nimemwandikia. Nimemwambia rangi ni heshima, na mtu akikosea herufi moja anakosea jina la mwenye duka.

Ya ukuta wa soko sishangai. Ingawa kukohoa nako kungefaa kuzuiwa, wale wauza vitunguu wanakohoa vibaya.

Huku niko salama, kama kukaa ni usalama. Mwanangu ananiambia, "Mama, pumzika." Nikishika ufagio mkewe anaupokea. Nikiingia jikoni ananitolea kiti. Ni mkamwana mzuri, sina neno naye, ila nimekaa sana mpaka makalio yamekufa ganzi. Dirisha langu linaangalia ukuta wa jirani, na ukuta hauna hata tangazo. Ndiyo maana naitaka barabara yangu.

Mbona mistari yako inateremka? Inaanza juu vizuri, ikifika katikati inashika bonde. Na herufi umezifanya kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Unaandikia wapi, mapajani?

Na mwandiko wangu safari hii umeuonaje? Sema kweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dada yako,
Brashi

*

Jumapili, 23 Februari

Dada,

Mwandiko wako ni uleule, nani asiyeujua. Herufi zimesimama wima, na ile R yako imetoa mguu mbele kama inataka kumpiga mtu ngwala. Ukiniuliza swali kama hilo unanitafutia sifa tu.

Mimi naandika kwa kalamu nene kwa sababu nyembamba zimeisha dukani. Mistari inateremka kwa uchovu.

Wiki hii nimeona machache lakini mazito. Kwenye mzunguko wa barabara, katikati ya majani, kuna mzee wa nguo nyeupe anakaa kila asubuhi, ameinama, anasoma. Siku tano hajageuza ukurasa. Nampigia honi ndogo ya heshima, hainui kichwa. Wasomi ndivyo walivyo.

Yule seremala wa mtaa wa pili ameandika TUNATENGENEZA VITA KWA BEI NAFUU. Mwambie fundi wako hilo nalo.

Lililonichekesha kuliko yote ni la Alhamisi na Ijumaa. Pale kwenye kivuko cha pundamilia, karibu na shule, mtu ameanika sare kando kabisa ya barabara. Ndiyo, sare za watoto, mashati meupe na sketi na kaptula za bluu, zimepangwa kwenye kamba, sare kumi na kitu, saa moja kasorobo asubuhi. Nikajiuliza ni mama gani anafua usiku na kuanikia watu vumbi. Nilipopita, upepo wa gari ulizirusha zote kwa mpigo zikarudi nyuma, halafu zikatulia. Ungekuwepo ungecheka.

Tena hapohapo kuna mwanamke mwenye kitambaa chekundu, siku hizi kila nikipita ananipungia. Na mimi nampungia. Dunia imeharibika lakini bado kuna watu wanasalimia.

Mengine ni kuchoka tu. Nasikia usingizi nikiwa nimesimama.

Spana

*

Alhamisi, 27 Februari

Mdogo wangu,

Soma barua hii umekaa. Kama kuna mtu anakusomea, naye akae.

Fundi wa mabango amenijibu. Hajapanda ngazi. Alikwenda kwa miguu mpaka uchochoroni kwa sababu ya matusi yangu, akasimama chini ya kibao changu, akakisoma: HAPA HAKUNA NJIA. Akapita sokoni: USIKOJOE HAPA, kama zamani. Nilikuwa nataka kuamini kwamba labda hakuangalia vizuri, ndipo ikaja barua yako ya seremala. Bango la yule seremala nilipaka mwenyewe nikiwa na homa. Anatengeneza viti, Spana. Viti.

Mzee wa kwenye mzunguko ni pipa. Walilipaka chokaa mwaka juzi, mimi na wewe tukiwa garini, ukasema limepakwa vibaya.

Na mwandiko. Nilikuuliza kusudi. Tangu nihamie huku sijaandika hata herufi moja kwa mkono wangu. Ninasema, mke wa mwanangu anaandika. Mwandiko wake ni mdogo, umelala upande, na R yake haina mguu wowote. Mtoto angeona tofauti, na wewe umekulia kwenye ubao wangu. Ulinisifia mguu usiokuwepo.

Mkono wangu unatetemeka. Nilikuambia naacha kazi kwa sababu ya harufu ya rangi. Ulikuwa uongo. Nilimwandikia mtu wa duka la dawa neno DAWA, likatoka kama nyoka wanne, akanilipa na kunisikitikia. Huruma yake ndiyo iliyonitoa mjini. Sikutaka na yako.

Sasa narudi kwenye hizo sare. Hakuna kamba pale, Spana. Hakuna nguzo ya kufungia kamba. Pale wanasimama watoto wakisubiri kuvuka, na yule mwanamke mwenye kitambaa chekundu kazi yake ni kusimamisha magari. Hakuwa anakusalimia.

Zile sare zilikuwa na watoto ndani.

Mkamwana wangu ameacha kalamu hapo akaenda kumwangalia mwanawe chumbani, amerudi sasa hivi ndiyo tunaendelea. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu siku ya msiba wa wifi. Najua utaniambia ajali haina kinga. Hii ina kinga, ni ufunguo, na uko mfukoni mwako. Uutoe.

Dada yako

*

Jumatatu, 3 Machi

Dada,

Kwa hiyo ulinitega. Ulikaa na mkwe wako mkanitungia mtihani kama mtoto, na mimi nikaingia kichwakichwa. Umeficha mkono miezi yote hiyo, halafu unanishika ugoni mimi niliyeficha jicho. Nyani haoni kundule.

Barua zako ananisomea Mama Vifungo, msimamizi wa upande wa vifungo, wakati wa mapumziko mashine zikiwa zimezimwa. Namwambia nimesahau miwani. Sina miwani, sijawahi kuwa nayo, na yeye hajawahi kuniuliza. Sindano ananitungia yeye pia. Alipofika pale kwenye sare aliishusha karatasi, nikamwambia endelea, akamaliza, akaikunja, akarudi kwenye vifungo vyake bila kunitazama. Au labda alinitazama, sijui.

Ukweli wenyewe ni huu. Katikati pameingia doa. Nikimtazama mtu usoni, uso haupo, masikio yapo. Ya pembeni nayaona vizuri. Ndiyo maana nakuandikia ya pembeni.

Nimebakiza miaka mitatu kustaafu. Kiwanda kiko mbali na basi lao linafika saa wanayotaka wao. Nani atabaki na fundi wa vyerehani asiyeona tundu la sindano? Nikiweka ufunguo mezani nimeweka na kazi. Halafu nikae wapi, mimi sina mwana wa kunitolea kiti. Utaniambia nipumzike? Nimechoka, ndiyo, lakini kuchoka kwa kazi nakufahamu. Kuchoka kwa kukaa sikuwezi, na wewe mwenyewe umeniandikia hukuwezi.

Nitaendesha polepole. Ile barabara naijua usingizini. Usiniandikie tena juu ya hilo.

Spana

*

Alhamisi, 20 Machi

Dada,

Hujanijibu siku kumi na saba. Nilikuambia usiniandikie, lakini lini umewahi kunisikiliza.

Niliendelea kuendesha siku mbili baada ya barua ile. Nasema ili usije ukasikia kwa mwingine. Siku hizo mbili nilifika pundamilia nikiwa nimeshika breki njia nzima, watu nyuma wananipigia honi na kunitukania mama, ambaye ni mama yako pia. Siku ya tatu nikaliacha gari. Nilipanda basi la kiwanda, nikashuka pale shuleni saa moja kasorobo. Nilitaka kuiona hiyo kamba kwa macho yangu, au kwa pembeni ya macho yangu.

Hakuna kamba. Walikuwa kumi na wanne. Niliwahesabu kwa sauti, maana wanaitana sana, na mmoja alikuwa na mafua.

Nilimkaribia yule mama wa kitambaa chekundu, nikamuuliza kama analifahamu gari moja la bluu, pikapu, linalopita hapa asubuhi. Akasema, "La mzee wa kupunga? Hilo watoto wote wanalijua. Nimewafundisha, likitokea pale kwenye kona, kila mtu hatua tatu nyuma."

Hatua tatu nyuma, Dada. Mimi nilikuandikia ni upepo.

Nikamuuliza mbona hakuripoti. Akasema aliripoti mara mbili, wakamwambia alete namba ya gari. "Na mimi, baba, herufi za mbali hazinikai vizuri." Kwa hiyo pale kivukoni tulikuwa wawili.

Nikamwambia ni mimi. Aliyapisha kwanza magari matatu. Kisha akaniuliza, "Sasa ulikuwa unapunga nini?" Nikasema nilidhani ananisalimia. Akasema, "Kila siku nilikuwa nakusimamisha." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Nikabaki nimesimama sijui niende wapi. Kuna mtoto alinishika mkono, akaniambia, "Babu, sasa twende." Nadhani alidhani nasubiri kuvuka. Upande wa pili sikuwa na shida yoyote. Nikavuka tu. Walinizunguka pande zote, wenye begi na wenye chupa za maji, na yule wa mafua alikuwa mbele anapiga chafya. Tulipofika wakaniacha hapo wakakimbia, nami nikasimama upande ambao sio wangu mpaka yule mama akaja kunirudisha. Nililia kidogo.

Ufunguo nimempa Mama Vifungo. Ameutumbukiza kwenye kopo la vifungo vya makoti, vile vikubwa, akasema nikiutaka niutafute mwenyewe kwa kuona. Mbaya sana yule mwanamke.

Meneja nimemwambia. Niliingia ofisini asubuhi na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakatoka mawili. Aliuliza kama bado naweza kutambua mashine mbovu. Nikamwambia anipeleke ukumbini anifumbe macho kabisa. Nilitembea kati ya safu, nikamwonyesha ya saba ina mkanda uliolegea na ya ishirini na tisa inakula uzi. Akasema atafikiria. Bado anafikiria. Daktari wa macho naye amenipa tarehe, na amesema jicho moja lina matumaini, la pili alilizungumzia kwa sauti ya chini.

Nimechoka, Dada. Na barabara sasa sina ya kukuandikia. Kwenye basi nakaa nasikia tu watu wanacheka, sijui wanacheka nini.

Niandikie. Hata kwa mkono wa mkwe wako.

Spana

*

Jumatatu, 24 Machi

SPANA.

MKONO HUU NI WANGU.

NIMEHARIBU KARATASI WIKI MBILI NDIYO MAANA NILIKAA KIMYA.

NAJA JUMAMOSI, TAREHE TANO. NAHAMIA KWAKO.

MWANANGU AMENUNA. ATANUNUKA.

KWENYE BASI UTAKAA DIRISHANI. NITAKWAMBIA WANACHEKA NINI.

DADA.

*

Alhamisi, 27 Machi

Dada Brashi,

Bahasha yako imekuja nene, mpeleka barua akadhani umenitumia shuka. Leo Mama Vifungo hakuwepo, amekwenda kliniki. Nikasema nitamsubiri. Halafu nikaona aibu, nikaichukua hadi nyumbani, nikavua viatu, nikazitandika karatasi zote sakafuni kuanzia mlangoni hadi chini ya kitanda, neno moja kila karatasi, nikapita juu yake polepole nikitazama kwa pembeni.

Nimezisoma mwenyewe. Imenichukua muda wa kuchemsha chai na chai kupoa. ATANUNUKA nilirudia mara tatu, nikidhani umesema mwanao atanuka, kumbe ni kununa kutakakomwisha.

Herufi zinacheza. Kila moja inatikisika pale ilipo, hakuna iliyosimama wima hata moja. Sijui ni jicho langu au ni mkono wako. Nimeamua ni vyote viwili, na sitaki kuuliza zaidi. Ila R ya DIRISHANI ina mguu wake. Huo nimeuona, na safari hii sikusifii bure, niliinama nikaugusa kwa kidole.

Meneja amesema nibaki hadi mwisho wa mwaka, nisikilize mashine, kisha tuzungumze tena. Mwisho wa mwaka si miaka mitatu, lakini si kesho pia.

Mfuko wa vipuri nimeutoa kwenye pikapu, nikaukuta umekalia kitambaa chako cha kufutia brashi. Nimekifua. Chumba cha nyuma nimekifagia, ingawa kwa hali yangu utakuta vumbi katikati na usafi pembeni. Usiseme kitu siku ya kwanza.

Ukifika stendi usinisubiri, sitakutambua, nitasalimia watu wasio wangu. Njoo moja kwa moja. Mlango unaufahamu, kibao ulipaka mwenyewe.

Njoo. Hapa hakuna njaa.

Mdogo wako,
Spana